Barua ya wazi kwa Waziri wa Serikali za Mitaa: Ardhi kwanza, mkopo baadaye

Mheshimiwa Waziri,

Salaam nyingi kutoka Kisoro. Mimi ni mnunuzi wa viazi mviringo. Kwa miaka mingi nimezunguka vijiji vilivyo chini ya Mlima Muhabura nikikusanya magunia, mengine yanakwenda Kampala, mengine yanavuka mpaka wa Bunagana kuingia Kongo. Katika kazi hii Kiswahili ndicho kinachotuunganisha, mimi, dereva na mteja Mkongo, na ndiyo maana nakuandikia kwa lugha hii ambayo Baraza la Mawaziri liliikubali kuwa lugha rasmi mwaka 2022.

Nina habari za mama mmoja wa kabila la Watwa. Jina lake nalihifadhi, na parishi yake pia, yaani eneo la kiutawala lenye vijiji kadhaa. Sijaona mtu anayeijua mbegu ya kiazi kama yeye. Huizungusha mkononi taratibu, akipapasa macho ya kiazi kwa kidole gumba. Akikuta jicho linalotoa majimaji, hukitupa kiazi hicho mbali kabisa na fungu, maana anajua ugonjwa wa mnyauko huingia shambani ukiwa umejificha ndani ya mbegu. Elimu hiyo ameipata akiwalimia watu. Tangu utotoni analima mashamba ya wengine, na jioni analipwa chakula au shilingi chache. Viazi vingi ninavyonunua vimepandwa na mikono kama yake. Faida hiyo nami nimeila, kwa hiyo siandiki kama mtu aliye nje ya jambo hili.

Mpango wa Maendeleo ya Parishi ulipozinduliwa wilayani Kibuku Februari 2022, tulifurahi kweli. Shilingi milioni 100 kwa kila parishi kwa mwaka, mkopo wa milioni moja kwa kaya, riba asilimia 6. Ulianzia mahali sahihi, kwa watu wanaolima cha kula tu na kubaki mikono mitupu. Mama huyu alihangaikia kitambulisho cha taifa mpaka akakipata, akajiunga na kikundi, akapokea fedha, akanunua mbuzi wanne.

Mbuzi wakale wapi? Nyumba yake imesimama kwenye kiwanja cha kuazimwa, na ukitoka mlangoni hatua chache tu umeshakanyaga shamba la mtu. Akawafunga kamba kando ya barabara. Siku moja kamba zikakatika, mbuzi wakaingia kwenye maharage ya jirani. Akatozwa faini, akauza mbuzi mmoja kuilipa. Mwingine akafa. Wawili waliobaki akawauza kwa bei ya hasara kabla hawajamletea kesi nyingine. Deni liko palepale. Nilimsikia kwa masikio yangu kiongozi mmoja akisema, mbele yake, kwamba Watwa hawajui kutunza mali.

Mheshimiwa, neno lile liliniuma, kwa sababu si kweli. Mwaka 1991 misitu ya Bwindi na Mgahinga ilipofanywa hifadhi za taifa, Watwa waliondolewa msituni, na wengi wao walitoka bila ardhi wala fidia. Agosti 2021 Mahakama ya Katiba ilikiri kwamba kuondolewa huko kuliwaacha katika unyonge. Na Katiba yetu, ibara ya 32, inaitaka Serikali iyainue makundi yaliyoachwa nyuma na historia. Katika mgao wa fedha za parishi, wanawake wana fungu lao, vijana wana lao, wazee na watu wenye ulemavu pia. Makabila madogo hayana. Waik wa Kaabong na Wabenet wa Mlima Elgon sijaishi nao, siwezi kuwasemea, ila naamini nao wana la kusema wakiulizwa.

Ombi langu ni moja. Kwa kaya isiyo na ardhi, mkopo usitangulie. Itangulie ardhi, hata kama ni kipande cha kupanda viazi na maharage, kiandikwe kwa jina la familia, mke na mume wote wawili, na kisiweze kuuzwa kwa mtu wa kwanza atakayefika na pombe na noti mkononi. Hilo la mwisho nalisema kwa sababu nimeliona likitokea.

Fedha zipo karibu kuliko tunavyodhani. Mgeni kutoka nje analipa dola 800 kuwaona sokwe wa milimani (gorila). Dola 10 za kila kibali hicho, pamoja na asilimia 20 ya viingilio vya hifadhi, hurudi kwa jamii zinazopakana na msitu, zikipitia serikali za wilaya ambazo ziko chini yako. Tunajengewa madarasa na matangi ya maji, na tunashukuru. Lakini aliyetolewa katika msitu huo huo bado anaazima mahali pa kulala. Waagize viongozi wa wilaya wakae na Watwa wenyewe, si na wanaowasemea, wakubaliane sehemu ya fedha hizo inunue mashamba. Deni la mama huyu na wenzake lisimamishwe mpaka wawe na pa kulima.

Nilipita kwake juzi. Mbegu amezitandaza kwenye kichanja ndani ya nyumba, zimeshakuwa za kijani na kuchipua vizuri, tayari kwa mvua za Septemba. Mwenye shamba analotaka kukodi bado hajamjibu.

Wako mtiifu,
Mnunuzi wa viazi, Kisoro