Tupeni shushushu mstaafu wa Kusini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwafikishie waandishi wetu wa riwaya na watunzi wa vichekesho ombi lililonikaa moyoni tangu wiki iliyopita, wajukuu zangu waliponikokota hadi kwenye banda umiza hapa Mikindani kutazama filamu ya tatu ya Johnny English, ile ya mwaka 2018, ambamo Rowan Atkinson, tuliyemzoea kwa jina la Mr. Bean, ni jasusi mstaafu anayerudishwa kazini.

Kisa chenyewe ni chepesi. Mhalifu wa mtandaoni amefichua majina ya majasusi wote wa Uingereza walio kazini, hivyo serikali haina budi kuwaita wazee; na kwa kuwa English anawazimisha wastaafu wenzake kwa kifaa chake mwenyewe, kwa bahati mbaya, kazi inamwangukia yeye. Banda zima lilicheka. Lakini kilichowavunja mbavu wajukuu zangu kuliko yote ni kwamba mzee huyo, baada ya kuacha ujasusi, alikuwa akifundisha jiografia shuleni, nami nimefundisha jiografia miaka 32. Sasa nyumbani naitwa Babu Shushushu, na kila nikiuliza miwani yangu iko wapi najibiwa kuwa hiyo ni siri ya serikali.

Sikukasirika, ila nilirudi nyumbani nikijiuliza kwa nini mzaha ule umekolea. Naona ni kwa sababu Waingereza wana mtu wa kutaniwa: James Bond, aliyetungwa na Ian Fleming mwaka 1953, ambaye hakosi shabaha wala suti yake haikunjamani. English anajiona ni yule yule. Anaikataa simu ya kisasa, anachagua Aston Martin ya zamani, na anapovalishwa kifaa cha kumwonyesha ulimwengu wa kubuni anatoka nacho hadi mitaani London pasipo kujua, akiwashambulia watu wasio na hatia huku uso wake umetulia kama wa bwana harusi.

Sisi je? Mtu wa kutaniwa tunaye. Elvis Musiba alitupa mpelelezi Willy Gamba katika riwaya ya Kufa na Kupona mwaka 1974, na katika rika langu ni vigumu kumpata msomaji asiyewahi kukificha kitabu cha Willy Gamba ndani ya daftari la hesabu. Tatizo ni kwamba kwa miaka yote hiyo Willy Gamba hajazeeka kwetu hata siku moja: hajaumwa mgongo wala hajafuatilia kiinua mgongo. Sisemi avunjiwe heshima. Nasema atungwe mzee mwingine, anayejidhani ndiye Willy Gamba, aitwe kazini upya, na akae huku kwetu.

Kusini kuna sababu yake. Wakati wapiganaji wa FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, wakifunzwa Nachingwea na Wareno wakiwa ng'ambo ya mto Ruvuma, ujasusi kwetu haukuwa hadithi. Sisi watoto wa shule tulifundishwa kumtilia shaka kila mgeni, na aliyeuliza njia mara mbili alifikishwa kwa balozi wa nyumba kumi kabla hajauliza mara ya tatu. Hapakuwa na kicheko wakati ule. Kicheko kingekuja leo, kwa mzee ambaye hadi sasa hachezi kete ya bao bila kutazama nyuma.

Mzee huyo aitwe kuchunguza kangomba, yaani ulanguzi wa korosho za wakulima, maana serikali haiwezi kuwatumia vijana wake ambao walanguzi wanawajua kwa sura. Ajifanye mnunuzi wa korosho kutoka mbali, avae kofia pana na miwani myeusi, na kila anapopita aamkiwe, “Shikamoo mzee, leo uko kazini?” Ajifiche ghalani usiku kucha, akapige chafya walanguzi walipokaribia. Atoe taarifa za siri kwa simu iliyofunguliwa sauti kubwa, kwa kuwa masikio yamechoka, sokoni, siku ya mnada. Na miadi yake na mtoa habari iwe kwenye stesheni ya ile reli ya mpango wa karanga wa Waingereza, reli iliyofungwa miaka ya 1960, naye asubiri treni kutwa nzima bila kutikisika, kwa sababu katika mafunzo yake aliambiwa jasusi haulizi.

Nawasihi tu watunzi wetu wasimvalishe suruali iliyopandishwa hadi kifuani, wala wasimfanye apige kelele na kuanguka kila baada ya dakika mbili, kama ilivyo katika vichekesho vingi tunavyoletewa. Aandikwe kwa uzito ule ule wa riwaya za upelelezi, na asijue hata kidogo kwamba anachekwa. Mwishoni awakamate walanguzi, kwani hata English anashinda. Ila awakamate akiwa anatafuta mahali pa kujisaidia.

Atakayekubali kuiandika kazi hii aje Mikindani. Nitamwazima ramani yangu ya kufundishia, ambamo ile reli bado imechorwa.

Mwalimu mstaafu,
Mikindani, Mtwara.