RISALA YA KLABU YA MAZINGIRA KWA MGENI RASMI, MAHAFALI YA KIDATO CHA NNE, MWANZA

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazazi na walezi, shikamooni. Wahitimu wenzetu, hongereni.

Mheshimiwa, tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako ukaja kuketi nasi. Wanaklabu wamenituma nizungumzie pipa moja tu, lile la bluu nyuma ya jiko, ambalo wengi humu mmelilalamikia harufu.

Lilianza na maji ya kuoshea dagaa. Yalikuwa yakimwagwa mferejini, na mfereji wetu unashuka hadi Mto Mirongo, nao Mirongo unaishia ziwani. Maji hayo yana amonia, na amonia ziwani ni mbolea: hustawisha mwani na magugumaji yanayoziba mialo. Tukaona tuwape bakteria kazi. Tuliomba ndoo moja ya tope la bwawa la majitaka, tukalimimina pipani, tukafunga pampu ndogo ya hewa, zile za matangi ya samaki wa mapambo.

Bakteria hawa wana zamu mbili. Zamu ya kwanza inataka hewa. Nitrosomonas huigeuza amonia kuwa nitriti, kisha Nitrobacter na Nitrospira huifanya nitrati. Wanakula oksijeni vibaya mno: gramu 1 ya nitrojeni iliyomo kwenye amonia hudai karibu gramu 4.6 za oksijeni. Basi tukaiacha pampu ivume usiku na mchana, huku tukijisifu. Tulipopima, amonia haikuwepo. Nitrojeni je? Ilikuwa palepale, imebadili jina tu. Mwalimu wetu wa Kemia alicheka hadi akavua miwani.

Kumbe ufundi ni kujua wakati wa kuzima. Zamu ya pili huanza kazi hewa ikikatika: wakikosa oksijeni majini, huinyofoa kwenye nitrati, na nitrojeni hutoka kama gesi, ileile iliyo asilimia 78 ya hewa tunayovuta. Nao hawafanyi kazi na njaa, wanataka chakula chenye kaboni. Tunawapa maji ya kuoshea masufuria ya ugali. Siku ilipokubali, tope lililotulia chini lilipanda vipande vipande, likisukumwa na vipovu, kama maandazi yanavyoibuka kwenye mafuta. Tulipiga kelele mpaka darasa la jirani likatoka nje.

Hatukukosa mikasa. Mwenzetu mmoja, kwa nia njema kabisa, alisugua pipa kwa klorini. Zamu ya kwanza huzaliana polepole, kwa hiyo tulisubiri wiki nyingi, na harufu mnayoikumbuka ni ya kipindi hicho. Tena kazi yao huongeza asidi, na maji yakichachuka sana wanagoma. Hapo tunatia majivu kidogo.

Mheshimiwa, fulana hatuombi, tunazo. Tunaomba karatasi za kupimia amonia na nitrati, maana zilizobaki hazifiki mwisho wa muhula. Tunaomba pia swichi inayojizima kwa saa, kwani hivi sasa anayeamka saa nane za usiku kuzima pampu ni kiranja wa bweni, na mtihani wake unakaribia. Paneli ndogo ya sola nayo tungeipokea kwa mikono miwili, umeme ukikatika ratiba yote huvurugika.

Baada ya chakula tutakupeleka ukalione pipa. Pampu itakuwa imezimwa hadi saa tisa. Ukiinama kidogo utaviona vipovu.

Tunaomba kuwasilisha.