Barua ya wazi kwa vijana wa kahawa wa Kibosho

Vijana wangu,

Nasikia mmegawanyika kuhusu jina la kikundi. Wengine wanataka Muungano, wengine Jumuiya, wengine Ushirika, na yupo anayeng'ang'ania Kampuni kwa kuwa litapendeza kwenye muhuri. Msidhani mnagombania jambo dogo.

Muungano ni la Kibantu, kutoka kuunga. Tunaunga mfupa, tunaunga kamba, tunaunga mchuzi kwa nazi. Ukiongeza ile -ana, huwezi tena kuifanya kazi hiyo peke yako. Tanganyika na Zanzibar zilijiita hivyo Aprili 1964. Ila neno halisemi nani analeta nini na nani anapata nini. Hilo huachiwa mkataba, na mnajua maneno yake hayajaisha hadi leo.

Jumuiya ni la Kiarabu, ukoo mmoja na jamaa na Ijumaa. Maana yake ni kukusanyika, basi. Ile ya Afrika Mashariki, yenye makao Arusha, ilivunjika 1977, ikafufuliwa kwa mkataba uliosainiwa palepale Arusha mwaka 1999.

Ushirika nao asili yake ni Kiarabu, lakini una uzito mwingine: kuwa na fungu katika kitu kimoja na mwenzako. Waislamu wanaujua mzizi huo kwa upande wake mkali, shirki, yaani kumpa Mungu mshirika. Walutheri wetu huita usharika kundi lile linalosali pamoja na kutoa sadaka pamoja. Kote humo kuna fungu.

Babu zenu walilijua fungu hilo. Walowezi hawakupenda Mwafrika alime kahawa, ndipo wakulima wa vihamba, yaani mashamba ya ukoo yenye migomba na kahawa, wakaanzisha KNPA, chama cha wenyeji wakulima wa kahawa Kilimanjaro, mwaka 1925, na 1933 ikaja KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro, na vyama vyake vya msingi. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika nchi nzima. Sheria ya 1982 ikavirudisha. Katikati hapo watu waliendelea kuutaja ushirika huku fungu lenyewe hawalioni.

Sasa swali langu. Kwenye kampuni, kura hufuata hisa. Kwenye ushirika, mtu mmoja kura moja, uwe na migomba na mibuni ya kujaza bonde au uwe na kipande cha nyuma ya nyumba. Wenye vihamba vikubwa kati yenu wamekubali hilo? Kama hawajakubali, sajilini kampuni bila aibu, ni halali kabisa. Kinachoniudhi ni kampuni iliyovaa koti la ushirika.

Kabla hamjapeleka maombi kwa Mrajis wa vyama vya ushirika, nileteeni rasimu ya masharti. Nitaanza kusoma pale panaposema ziada itagawanywaje, na mwanachama anayejitoa anaondoka na nini.

Mzee wenu,
Kibosho, Moshi