Harambee ya Kuokoa Vielelezo vya Nyasi Pori za Rai

Ndugu wazazi, walimu na marafiki wote wa hebaria yetu, hifadhi ya vielelezo vya mimea iliyokaushwa,

Tunawaomba mtushike mkono. Nyasi za rai zilizokusanywa porini na kando ya mashamba bado zimerundikwa ndani ya magazeti zilimokaushiwa, na mbawakawa wa tumbaku wameanza kuzitoboa. Tunahitaji friza moja, kabati la chuma linaloziba vizuri, karatasi nene zisizo na asidi, pamoja na kamera na stendi yake.

Haraka hii ina sababu. Nyasi hizi zinafanana mno, na rekodi isiyo na kielelezo haisahihishiki. Jina likishaandikwa vibaya daftarini, hakuna wa kulipinga. Kielelezo kikiwepo, mtu huchukua lenzi akaangalia suke. Kwenye Lolium, jenasi ya nyasi za rai, visuke vidogo hukaa kwa ubavu dhidi ya uti wa suke, na kila kimoja kina kumvi (ganda la chini ya kisuke) moja tu ya nje, isipokuwa kile cha kileleni chenye mbili. Kwenye Elymus, ambayo nayo huitwa rai pori, kumvi ni mbili. Lolium temulentum, gugu la mashamba ya nafaka ambalo punje zake huweza kuwa na sumu kutokana na kuvu anayeishi ndani yake, hujulikana kwa kumvi inayofikia au kupita urefu wa kisuke kizima.

Kazi ngumu ni kutenganisha Lolium perenne na Lolium multiflorum, maana huzaliana na kuacha machotara. Jani changa la perenne hukunjwa katikati. La multiflorum huviringika. Ukishalikandamiza, tofauti hiyo imekwisha, kwa hiyo iandikwe palepale mmea unapong'olewa. Na ung'olewe na mizizi yake! Suke lililokatwa peke yake halikuambii kama mmea ni wa msimu mmoja au wa kudumu.

Sasa michango itakavyotumika. Kila kielelezo kinahitaji karatasi moja ya takriban sentimita 29 kwa 42, lebo, na bahasha ndogo ya kuhifadhi visuke vinavyopukutika. Nyasi ndefu hukunjwa mfano wa V au N. Hubandikwa kwa vipande vya utepe wa kitambaa wenye gundi. Selotepu hatuitaki kabisa, kwani hugeuka njano, ikabanduka na kuacha gundi yake juu ya mmea.

Friza ndiyo ya kwanza kununuliwa. Vielelezo hufungwa ndani ya mfuko wa plastiki, vikakaa kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7 hadi 14. Vikitolewa, mfuko usifunguliwe mpaka vipate joto la chumba, la sivyo umande utatua juu ya majani na ukungu utafuata. Kabati bila friza ni kuwafungia wadudu ndani na chakula chao.

Kamera itapiga kila karatasi pamoja na rula na kadi ya rangi, na picha zitatunzwa sehemu mbili tofauti. Lebo nayo itaonyesha tarehe, mkusanyaji na namba yake, aina ya udongo, na majira ya nukta (latitudo na longitudo kwa nyuzi) yenye desimali nne, ambazo hutosha kumrudisha mtu hadi mita kumi na kitu. “Kando ya barabara” si mahali.

Fedha zipokelewe na mweka hazina kwa risiti. Asiye na fedha atoe muda wake: kubandika, kuandika lebo na kupiga picha kunahitaji mikono mingi yenye subira. Vilevile tunapokea maboksi yenye mifereji, ya kutenganisha tabaka za mimea ndani ya kibano cha kuikandamizia ili hewa ipite, na magazeti ya zamani kwa ajili ya kubadilisha kila siku mwanzoni mwa ukaushaji. Magazeti yenye karatasi za kung'aa tafadhali msituletee, hayanyonyi maji.