YAH: MALALAMIKO KUHUSU FAILI LENU LISILOFUTIKA NA MHUDUMU WENU ALIYETAKA KUFOMATI DISKI YANGU

Ndugu Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Naandika nikiwa na hasira, lakini nitajitahidi kutunza heshima, kwa sababu heshima ndiyo niliyoikosa kwenu. Masharti ya leseni mnayajua, na sera ya kuhudumia kompyuta ya mteja kwa njia ya mbali mliiandika wenyewe. Sitawasomea. Nakwenda kwenye lililoniuma: nilipoiondoa programu yenu ya nakala rudufu, iliniachia faili kubwa lisilokubali kufutwa.

Mhudumu wenu aliomba ruhusa ya kuingia kwenye kompyuta yangu kutoka huko aliko, nikampa. Nikakaa nikitazama mshale ukitembea wenyewe kwenye skrini. Akafungua folda ya nakala rudufu iliyoko diski D, akalibofya lile faili, akabonyeza kufuta. Windows ikamjibu kama ilivyokuwa ikinijibu mimi: kitu hiki hakipo tena mahali hapa. Faili analiona kwa macho yake, gigabaiti 38, na bado anaambiwa halipo. Akarudia, jibu likawa lile lile. Kisha akaniandikia kwenye dirisha la mazungumzo: "Kompyuta yako ni ya kizamani. Fomati diski au nunua nyingine." Nikiwa katikati ya kuandika jibu, akakata. Sijakaa sawa, ukaingia ujumbe wenu: "Tatizo lako limetatuliwa. Tafadhali tupe nyota."

Limetatuliwa na nani, ndugu Meneja? Faili lilikuwa pale pale!

Ndiyo, kompyuta yangu ni ya zamani. Inatumia Windows 7, na najua kwamba Microsoft iliacha kuihudumia Januari 2020. Naitunza kwa sababu programu ya hesabu ninayofanyia kazi haikubali kwenye Windows mpya, na vitabu vya hesabu vya wateja wangu viko humo. Ninyi mlijua hivyo mlipopokea ada yangu, maana kwenye orodha ya mifumo inayokubalika mliiandika Windows 7 kwa herufi zenu wenyewe. Umri wa kompyuta haukuwa tatizo siku ya kulipa. Umekuwa tatizo siku ya kunisaidia.

Na hata hivyo, umri hauhusiki kabisa. Hapa naomba mnisome polepole, kwa kuwa kazi hii nimeifanya mimi wakati ilikuwa yenu.

Jina la faili lile linaishia na nukta. Nukta moja, mwishoni, baada yake hakuna herufi yoyote. Windows ikipewa jina la namna hiyo kwa njia ya kawaida huikata nukta ya mwisho, kisha hutafuta jina lililobaki. Jina hilo halipo, ndiyo maana inasema kitu hakipo. NTFS, mfumo unaopanga mafaili kwenye diski, wenyewe hauna shida na nukta hiyo, unaihifadhi kama ilivyo. Kwa hiyo faili kama hili haliundwi na mtu anayebofya kipanya. Linaundwa na programu iliyoandikwa kupita kando ya ukaguzi wa majina, na programu iliyoliunda ni yenu. Microsoft wanaonya waziwazi kwenye maelekezo yao kwa waandishi wa programu: jina la faili au folda lisiishie na nafasi wala nukta. Hata Windows ya leo ukiipa jina hilo kwa njia ya kawaida itafanya vivyo hivyo. Sasa mwambieni mhudumu wenu "kompyuta mpya" ingenisaidia nini.

Kabla ya mhudumu huyo kuingia, mlikuwa mmeshanizungusha. Washa upya. Ingia kwenye hali salama. Chukua umiliki wa faili. Kagua diski. Nilifanya yote, na ukaguzi wa diski ulimalizika bila kuona kasoro hata moja. Nikawatumia picha ya matokeo, mkanijibu kwa orodha ile ile, kuanzia washa upya. Hakuna hata mmoja wenu aliyelisoma jina la faili hadi mwisho.

Lililofuta ni hili, mstari mmoja kwenye dirisha la amri:

del "\\?\D:\Nakala\hifadhi."

Zile alama nne za mwanzo zinaiambia Windows isilikate jina, ilichukue lilivyo. Nikabonyeza Enter na gigabaiti 38 zikarudi. Programu yenu ya kujiondoa ingeweza kuwa na mstari huo tangu mwanzo. Badala yake iliniandikia "imeondolewa kikamilifu" na kuniachia mzigo uliojaza diski hadi programu ya hesabu ikashindwa kuhifadhi kazi ya mwezi.

Narudi kwa mhudumu, kwa sababu kuna jambo ambalo hapo juu nimelipita, na ndilo linaloninyima usingizi. Baada ya kushindwa kufuta mara ya pili, kabla hajaandika lile neno la "kizamani", mshale ulitoka kwenye faili ukapanda hadi kwenye diski D. Akabofya kitufe cha kulia. Akachagua Fomati, amri inayofuta kila kilichomo kwenye diski. Dirisha likafunguka, na mshale ukashuka hadi kwenye kitufe cha kuanza. Hakuniuliza. Hakuuliza diski ina nini, wala kama nina nakala nyingine. Nilikikamata kipanya kwa nguvu na kulifunga lile dirisha. Hapo ndipo akaandika kuwa kompyuta yangu ni ya kizamani, nifomati mwenyewe au ninunue nyingine, akakata. Vitabu vya hesabu vya watu vilikuwa mibofyo miwili tu kutoka kupotea, mikononi mwa kampuni niliyoilipa ivilinde. Halafu mnaniomba nyota.

Nataka kuombwa radhi kwa maandishi, na ile kumbukumbu ya "limetatuliwa" isahihishwe iandikwe ukweli. Nataka pia mtoe marekebisho yatakayofuta mafaili ya aina hii kwa kila mteja mliyemwachia, maana siamini ni mimi peke yangu. Na nikifikiria lile dirisha la Fomati, naona radhi haitoshi: nataka ada yangu ya mwaka irudishwe yote, bila kukatwa chochote, na nipewe kumbukumbu kamili ya kikao kile ikionyesha kila alichobofya.

Nawapa siku 14 kuanzia mnapopokea barua hii. Zikipita kimya, au nikiletewa tena ile orodha ya "washa upya", malalamiko haya yatakwenda kwa mamlaka ya kulinda watumiaji yakiwa na picha za skrini pamoja na maneno ya mhudumu wenu kama alivyoyaandika, na nakala nitampelekea mwanasheria. Wateja wangu, ambao baadhi yao wanatumia programu yenu kwa ushauri wangu, nitawaambia waiondoe, na nitawafundisha mwenyewe namna ya kufuta mtakachowaachia.

Jibu lije kutoka kwako, Meneja, na liwe na jina lako.

Mteja wenu mwenye leseni ya kulipia