Taj Haipo, Lakini Tukutane Palepale

Embakasi, Nairobi

Dada yangu mpendwa,

Barua yako niliipata juzi jioni, nikaisoma nimesimama mlangoni, hata mkoba sijautua. Kusikia kwamba Desemba unarudi nyumbani baada ya miaka hii yote kulinifanya nimpigie mama simu usiku uleule. Lakini kuna mahali umeandika, "tukutane Taj, pale kwenye ngazi, kama zamani." Hapo moyo ulinishuka. Nilijua hakuna aliyekuambia, au uliambiwa ukadhani ni yale maneno tuliyozoea, ya jengo litabomolewa, jengo halibomolewi.

Taj haipo. Lile jengo letu la maduka lilibomolewa mwishoni mwa Septemba 2018, siku ya Jumamosi. Nilikuwepo, na sijawahi kumwandikia mtu habari zake, kwa hiyo nivumilie nikirefusha.

Utakumbuka kwamba ulipoondoka, ubao wa nje ulikuwa tayari umebadilishwa ukaandikwa Airgate Centre. Hakuna aliyelitumia jina hilo. Makanga aliita "Taj! Taj!", mama akisema anakwenda Taj, na hata watoto waliozaliwa baada ya ubao kubadilishwa walijua Taj. Jengo lenyewe halikuwa na uzuri wa kumfanya mtu asimame aliangalie. Uzuri wake ulikuwa mahali liliposimama: pale barabara ya Outer Ring inapokutana na North Airport Road, mitaa ya Pipeline na Fedha ikiwa karibu, Tassia si mbali, na njia ya uwanja wa ndege hapohapo. Mtu akitoka kazini upande wowote, ilikuwa lazima apite. Ndiyo maana tulikutana pale. Mvua ikinyesha tulijikinga pale. Giza likiingia, taa zake ndizo zilizotuonyesha pa kukanyaga tukisubiri gari. Unakumbuka ile jioni tulingoja mvua ikatike mpaka maduka yakaanza kufungwa, ukaniambia kwa mara ya kwanza kwamba unafikiria kwenda ng'ambo? Mimi kila nikilifikiria lile jengo, jioni hiyo ndiyo inayonijia.

Sasa nikueleze ilivyokuwa. Mwaka ule wa 2018 ulikuwa mwaka wa tingatinga. Mwezi Agosti tulikaa sebuleni tukitazama kwenye televisheni kituo cha mafuta cha Kileleshwa kikiangushwa, kisha jengo la maduka la South End kule Lang'ata, kisha lile la Ukay, Westlands. Hizo zilisemwa zimejengwa kwenye ardhi ya mito. Sisi huku tukajipa moyo: Taj haiko mtoni. Tulisahau kwamba Taj ilikuwa na shauri lake jingine, la barabara, ambalo lilikuwa limezunguka mahakamani kwa miaka. Serikali ilisema jengo limeketi kwenye hifadhi ya barabara. Upande wa pili ulisema ardhi ni yake kihalali. Mambo yakizunguka mahakamani muda mrefu hivyo, watu wa chini huanza kudhani hayatafika mwisho, wanaendelea kukodi, kupaka rangi na kuweka vioo.

Mdogo wangu, yule uliyekuwa ukimsuka nywele, alikuwa miongoni mwao. Wewe ulimwacha akiuza nguo za watoto kwenye mkeka kando ya barabara. Baada ya wewe kuondoka alipata chumba kidogo mle ndani. Alilipa gudwili, ile ada ya kupewa chumba, akalipa kodi ya miezi kadhaa mbele, akatengeneza rafu za mbao, akanunua cherehani ya kupunguzia nguo zinazomzidi mtoto. Siku aliyofungua alinipigia simu akilia kwa furaha, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kufanya biashara akiwa na mlango wa kufunga. Sijui kama unaweza kuelewa maana ya mlango kwa mtu aliyekaa miaka akikunja mkeka kila wingu likitanda. Naamini unaweza.

Siku zile za mwisho, wengine walikuwa wamekwisha kuhamisha vitu. Wengine walibaki wakitumaini kwamba itatokea amri ya dakika ya mwisho. Yeye alihamisha nusu, akaacha nusu, kama mtu aliyeamini mambo mawili kwa wakati mmoja. Alfajiri ile alinipigia, nikaenda na shuka nne za kufungia mizigo. Polisi walikuwa wamesimama, watu walikuwa wengi, vumbi lilikuwa limeanza. Tulibahatika kutoa cherehani na magunia mawili. Rafu tuliziacha. Nilimwona mwanamume mzima akishuka amekumbatia kioo cha kinyozi kwa mikono yote miwili, akitembea polepole sana katikati ya watu waliokuwa wakikimbia, na watu wakampisha. Baadaye tuliketi ng'ambo ya barabara juu ya magunia yetu tukatazama ukuta wa mbele ukianguka. Mdogo wangu hakulia. Alikuwa akihesabu kwa vidole, nikamwacha amalize.

Na sasa nifike kwenye jambo ambalo limenichukua muda mrefu kulikubali, na ninaliandika kwako kwa sababu wewe hutanifikiria vibaya. Waliosema barabara inahitaji kupita pale walikuwa na hoja. Unaikumbuka Outer Ring ya zamani: njia moja ya kwenda na moja ya kurudi, lori likiharibika Donholm basi mtu wa Tassia amechelewa kazini. Ikapanuliwa kuanzia GSU, kambi ya polisi pale Thika Road, ikapita Baba Dogo, Kariobangi, Donholm, Tassia, kilomita 13 hivi, mpaka huku kwetu. Magari yakawa yanakimbia kwa njia pana kilomita zote hizo, kisha yanafika kwenye makutano na kubanwa kama maji kwenye shingo ya kibuyu. Upana wa barabara yote haukusaidii kitu kama mdomo wake ni mwembamba, kwa sababu magari yatakayopita kwa saa moja ni yale tu ambayo mdomo utayameza. Hilo nililiona kwa macho yangu kila jioni. Kwa hiyo siwezi kukuambia kwamba jengo lilionewa.

Ninachokuambia ni kwamba halikupaswa kusimama pale hata siku moja. Jengo la ukubwa ule halioti usiku kama uyoga. Huchimbwa msingi mchana kweupe, wiki baada ya wiki, magari ya saruji yakiingia na kutoka. Wakati wa kusema "hapa ni njia" ulikuwa wakati wa kuchimba msingi. Ukilisema baada ya watu mamia kupata riziki mle ndani, bado unasema kweli, lakini gharama umeihamisha. Hailipwi tena na aliyejenga peke yake. Inalipwa na binti mwenye cherehani ambaye hajawahi kuiona ramani ya barabara. Mpangaji angejuaje? Alionyeshwa chumba, akapewa risiti, akapewa ufunguo. Ningependa siku moja sheria imtambue mtu huyo, apewe muda wa kweli, na arudishiwe kodi aliyolipa kwa miezi ambayo jengo halipo. Mdogo wangu hakurudishiwa kitu, na sikusudii kumtaja wala kumshtaki mtu hapa. Nataka tu ujue.

Utaniuliza, msongamano je, ulikwisha? Wiki za kwanza tulipumua. Nilifika nyumbani kukiwa bado na mwanga, nikapika mapema, nikashangaa saa zilivyo nyingi. Kisha polepole ukarudi. Nimelifikiria sana jambo hili nikiwa nimekaa ndani ya matatu isiyosonga, na nadhani sababu ni mbili.

Ya kwanza inajulikana Nairobi nzima. Thika Road ilipokamilika mwaka 2012 na njia zake nane, tulidhani tumemaliza. Watu wakahamia Kasarani, Ruiru na Juja kwa sababu sasa mjini ni karibu, wakanunua magari, na barabara ikajaa. Mwaka 2022 ikafunguliwa Expressway, barabara ya kulipia, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, sehemu yake ikiwa juu ya nguzo. Anayelipa anapita juu haraka, na sisi wa chini bado tunajuana kwa sura kwenye Mombasa Road. Njia ikifunguka, huwaita watu waliokuwa wameahirisha safari. Huku kwetu ni hivyohivyo: angalia ghorofa zilivyoota Pipeline na Utawala. Kila ghorofa ni mamia ya watu ambao asubuhi wote wanataka kutoka kwa wakati mmoja.

Ya pili sijamsikia mtu akiisema, na ndiyo ninayotaka uifikirie. Lile jengo, pamoja na makosa yake yote, lilikuwa limetutoa barabarani. Maelfu ya watu walioshuka pale kila jioni walikuwa na pa kuingia. Walinunua mkate ndani, wakasubiriana ndani, wakajikinga mvua ndani. Lilipoondoka, watu hawakuondoka nalo. Haja ya mkate haikubomolewa. Basi waliokuwa ndani ya kuta wakahamia kando ya lami: wa viatu akatandika, wa matunda akaweka mkokoteni, wa chaja za simu akaning'iniza bidhaa zake kwenye mwavuli. Mnunuzi naye akawafuata, matatu ikamfuata mnunuzi, na matatu ikisimama kwenye lami kupakia, njia ambayo ilipatikana kwa gharama kubwa vile inakuwa steji. Bodaboda zinajaza pengo linalobaki. Nimesimama pale nikahesabu: wakati mwingine kati ya njia tatu, inayotembea ni moja.

Sisemi hivyo ili wachuuzi wafukuzwe. Nimekuambia mdogo wangu alianzia kwenye mkeka. Ninachosema ni kwamba waliopanga barabara waliyahesabu magari wakasahau kuwahesabu wanaoshuka kwenye magari. Nairobi wengi wetu tunatembea kwa miguu au tunapanda matatu. Unakumbuka jinsi watu walivyokuwa wakivuka Outer Ring mpya mbio, wameshikana mikono na watoto, kabla madaraja ya waenda kwa miguu hayajawekwa? Au ulikuwa umeshaondoka? Wengi walikufa pale. Barabara ilikuja kwanza, mtu wa miguu akafikiriwa baadaye. Na kwenye makutano yetu ikawa vilevile: nafasi ya gari ilitafutwa kwa tingatinga, nafasi ya sisi tunaosubiri gari haikutafutwa. Laiti sehemu ndogo ingetengwa iwe steji ya kweli, yenye paa na choo, na soko la ghorofa moja nyuma yake kwa wale waliotolewa, naamini magari yenyewe yangepita vizuri zaidi. Katikati ya Outer Ring waliacha nafasi pana kwa ajili ya mabasi ya mwendo kasi. Kila nikipita naitazama. Siku mabasi yatakapopita pale, nitakuandikia barua nyingine.

Mdogo wangu yuko salama, usije na wasiwasi. Alirudi kwenye mkeka kama mwaka mmoja na nusu, kisha akapata chumba chini ya ghorofa moja kule Pipeline. Kabla ya kulipa alizunguka lile jengo mara tatu, akauliza majirani barabara iliyopangwa inapita wapi, akamsumbua wakala mpaka akaonyeshwa vigingi vya mpaka kwa mkono. Wakala alimwambia hajawahi kuona mpangaji wa namna hiyo. Rafu zake sasa ni za chuma, za kufungua kwa spana. Nilimuuliza kwa nini asitengeneze za mbao kama zile nzuri za zamani, akanijibu kwamba hizi zinatoka ukutani kwa dakika kumi. Nilinyamaza. Cherehani ni ileile. Bado ina mkwaruzo wa siku ile kwenye kifuniko.

Kwa hiyo mpango wetu ni huu. Ukishatoka uwanja wa ndege na kuweka mizigo kwa mama, panda matatu ya kuja huku na umwambie makanga akushushe Taj. Usiseme Airgate, hatajua unakotaka. Atakushusha palepale tulipokuwa tukishuka, na utageuka kutafuta ngazi kama nilivyofanya mimi kwa miezi mingi. Usiogope ukiona uwazi. Mimi nitakuwa nimesimama kando, mbali kidogo na mikokoteni, nimejifunga ile leso ya njano uliyoniachia, na mdogo wangu amesema siku hiyo atafunga duka saa kumi ili aje nami. Ukifika kabla yetu, msongamano ndio utakuwa umetuchelewesha. Utusubiri.

Mama anakusalimu, anauliza kama bado unakunywa chai bila sukari.

Ni mimi dada yako,
jirani yako wa Fedha