Malaika ya siku ya kupamba

Tanga, Jumapili usiku

Somo yangu mpenzi,

Ama baada ya salaam, sisi huku hatujambo, ila kusi limeanza na bati la jikoni linagonga usiku kucha kama mtu anayedai deni. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza mara tatu. Mara ya kwanza kwa ajili ya habari, mara mbili zilizobaki kwa ajili ya kucheka. Yaani ukumbi umelipiwa, mpambaji amepatikana, nguo zimeshonwa, halafu arusi ikwame kwenye wimbo mmoja!

Nimekuelewa hivi: mwanetu anataka apigiwe "Malaika" siku ya kupamba, pale anapoingia ukumbini. Shangazi mtu kaja juu, kasema ni kisirani, huo ni wimbo wa mwanamume aliyeshindwa kuoa. Na yule kijana wa muziki, badala ya kuwasaidia, kawatumia Malaika kumi na mbili za waimbaji mbalimbali mchague wenyewe. Sasa mimi niliyerithi santuri za baba ndiye kadhi.

Nianze na la shangazi, maana ana haki yake. Wimbo wenyewe ni maombolezo. Kijana anampenda binti, hana mali, angemuoa lakini pesa zinamsumbua roho. Basi. Hakuna nikaha ndani yake, hakuna hata posa. Nimehudhuria arusi nyingi ulikopigwa wimbo huu, watu wanapepea leso na kupiga vigelegele, na mimi moyoni najisemea: jamani, mnashangilia mahari iliyokosekana! Huenda ni kwa sababu neno la kwanza ni tamu mno, watu hawafiki la pili.

Sasa historia, maana umesema shemeji naye ameingia kwenye mabishano na anadai ni wimbo wa Miriam Makeba, yule wa Afrika Kusini. Mwambie aketi. Aliyeutia kwenye santuri mara ya kwanza ni Fadhili William Mdawida, Mtaita wa kwenu Kenya, akiwa na kundi lake la Jambo Boys, mwaka 1960. Mwaka 1963 Fadhili akaurekodi tena, katika studio ya Equator ya Nairobi, ya Mwingereza Charles Worrod, walimopita waimbaji kama Daudi Kabaka. Santuri ya baba ni ya Fadhili, ile ndogo ya nyimbo mbili, imekwaruzika hata sindano inaruka palepale kwenye neno "pesa". Tulipokuwa wadogo tulidhani ndivyo unavyoimbwa.

Lakini kurekodi si kutunga, na hapo ndipo sisi wa upande huu wa mpaka tunapokuja juu. Wazee wa kwetu watakwambia mtunzi ni Adam Salim, mtu wa Tanganyika, aliyeutunga mwaka 1945 alipokuwa akiishi Nairobi. Wanasimulia kwamba alikuwa na mchumba, wazazi wakamkataa, binti akaozwa kwa tajiri. Ukiusikiliza wimbo baada ya kisa hicho unaona maneno yamekaa mahali pake. Nanyi Wakenya hamjakubaliana wenyewe kwa wenyewe: wapo wanaomtaja Grant Charo, na wengine Lucas Tututu. Baba, ambaye hakupenda kesi za kurudi nyuma, alikuwa akimaliza ubishi huu kwa kusema kitanda hakizai haramu. Jina lililoandikwa kwenye santuri ni la Fadhili, basi mtoto ni wa Fadhili. Mama akawa anamjibu kwamba hiyo methali huwafaa sana wenye vitanda.

Na si maneno ya barazani tu. Jina la mtunzi likishaandikwa, ndilo mirabaha hulifuata kila unaporekodiwa upya, na huu umerekodiwa mpaka basi. Hapo ndipo namwonea huruma Adam Salim kama kisa chake ni cha kweli: kwanza anakosa mke kwa sababu ya pesa, kisha anakosa pesa za kuimba kwamba hana pesa.

Huyo Makeba wa shemeji alikuja baadaye, ila ndiye aliyeupeleka duniani, hilo simnyang'anyi. Mwaka 1965 alitoa albamu pamoja na Harry Belafonte, mwimbaji wa Marekani, na Malaika imo. Albamu hiyo ikapata tuzo ya Grammy. Wakati huo mwenyewe hana pa kurudi, makaburu walishamfutia pasipoti, anaimba kwa watu lugha za Afrika ambazo wengi wao hawajawahi kuzisikia. Kutoka kwake ndiko walikochota wengi. Angélique Kidjo wa Benin, aliyekua akimsikiliza Makeba, aliurekodi mwaka 1991, na ninaupenda wake usiku, nikiwa peke yangu, taa zimezimwa. Usha Uthup wa India alikuja kuimba Nairobi akaupenda, akauimba na Fadhili mwenyewe. Huko Uswidi, mwaka 1967, kundi la vijana likiitwa Hep Stars lilitoa Malaika yao, na mpiga kinanda wao, Benny Andersson, ndiye yule aliyekuja kuwa mmoja wa ABBA, kundi lililovuma dunia nzima. Hebu fikiria, mahari ya Mswahili imepita hata kwenye vidole vya ABBA! Halafu Boney M mwaka 1981, na bendi zote za hotelini kuanzia kwenu mpaka kwetu, zinazouimba kila jioni mbele ya wageni wenye kaptura waliokwishaoa zamani.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kijana wa muziki hawezi kukwambia. Unakumbuka shuleni, ule mwaka niliokuja kukaa kwa mama mdogo hapo Mombasa, tulivyokuwa tukimcheka Makeba? Kwa sababu anaimba "ningekuoa". Mwanamke! Sisi tulijua mwanamume huoa, mwanamke huolewa, na mwalimu wetu alikuwa mkali kwa kosa hilo kuliko kuchelewa namba. Tukawa tunasema masikini Mama Afrika, hakupata mtu wa kumsahihisha.

Nimebadili mawazo, somo. Nilibadili nilipokuwa nikisikiliza taarab ya zamani. Siti binti Saad wa Unguja alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, aliimba mashairi ya watu wengine, wanaume wakiwemo, na hakuna aliyesimama kumuuliza wewe mwanamke mbona unamsifu mwanamke. Mwimbaji kwetu ni mdomo tu, shairi lina mwenyewe. Na Kiswahili chetu kinampa nafasi, hakina yeye wa kike na yeye wa kiume, unaweza kuimba beti kumi na jirani asijue unamwimbia nani. Ni neno hili moja tu, kuoa, ndilo linalomfichua mtu. Makeba angelibadilisha, kijana wetu asiye na mali angetoweka ndani ya wimbo. Afadhali alivyoliacha.

Lakini nyumbani kwetu ugomvi haukuwa kwenye kuoa. Ulikuwa kwenye kidege. Unajua pale mwimbaji anapomwita binti kidege, kisha anaimba "hukuwaza". Baba alisema hiyo ni hu ya mazoea: mimi kila siku hukuwaza wewe, sili, silali. Mama akasema sivyo hata kidogo, hiyo ni kukanusha: wewe kidege hukuwaza, hukufikiri, umekwenda zako kwa mwenye mali umeniacha. Andika maneno hayo mawili ubaoni, yanaandikwa sawasawa, yanatamkwa sawasawa. Kila santuri ilipofika hapo, baba angemtazama mama kwa macho ya huruma, na mama angesema, "Hukuwaza!" huku akiondoka kwenda jikoni. Wageni wengi waliotafsiri wimbo huu wamefuata upande wa baba. Wapo waimbaji wanaobadilisha kabisa wakaimba "nakuwaza", na hapo mimi huzima redio, maana wameua nusu ya wimbo. Mimi niko upande wa mama, ingawa nikiwa na usingizi hurudi kwa baba.

Haya, sasa hukumu. Mwambie shangazi, kwa adabu zote na kahawa mkononi, kwamba ameusikia wimbo vizuri ila hakusikia kisarufi. Kijana hakusema ningalikuoa. Angesema hivyo, basi, mambo yameshapita, binti keshaolewa, tuanue tanga. Amesema ningekuoa. Tulifundishwa hivyo: nge mlango umerudishwa tu, ngali umepigwa komeo. Kijana bado anahesabu senti zake. Kesho akipata, anakuja. Kwa hiyo si wimbo wa mkosi, ni wimbo wa mtu ambaye hajamaliza.

Nilikuwa nimeifunga barua hapo, somo. Nikaenda kuosha vyombo, na vyombo vikaniletea akili. Nikajiuliza: mtoto wa miaka ishirini na minne, anayesikiliza muziki ambao mimi siuelewi hata neno, kautoa wapi wimbo wa bibi zake? Ndipo nikakumbuka ulivyonihadithia mwezi wa Rajabu. Kijana alivyokuja na posa ya kwanza akarudishwa. Akaja ya pili, akaongezewa kitanda na cherehani. Nani aliyekuwa akiongeza? Nani aliyesema binti yetu hatolewi kwa bei ya ndizi? Na kijana akaenda akauza pikipiki yake, akarudi na fedha ndani ya bahasha ya kaki, hakusema neno.

Somo, mwanetu hakuchagua wimbo. Amechagua kijembe! Anataka aingie ukumbini mbele ya wanawake mia mbili, kajipamba, kajifukiza, anakwenda hatua moja moja, na juu yake sauti ya mwanamume inaimba kwamba angeoa kama si pesa. Na shangazi mtu kaketi kiti cha mbele. Naye shangazi, aliyekulia kwenye taarab, kaijua sumu kabla chupa haijafunguliwa. Kisirani ni kisingizio tu. Hataki kuimbwa.

Nimecheka peke yangu jikoni mpaka jirani akagonga ukuta. Huyu ni mtoto wa kwetu kweli. Sisi tulikuwa tukituma vijembe kwa kanga, yeye katuma kwa Fadhili William.

Sasa wewe ndiye mama, amua. Ukitaka amani, kijana wa muziki awapigie Boney M. Ngoma ikianza wote watainuka kucheza, kijembe kitapotea vumbini na shangazi mwenyewe atatikisa mabega. Ukitaka ujumbe ufike lakini kwa heshima, mpigie Makeba: ni sauti ya mwanamke, watu watadhani ni mapambo tu, atakayeelewa ataelewa. Kidjo hapana, utawaliza watu kabla ya biriani. Lakini kama unaniuliza mimi kwa haki, mpigie binti alichoomba, na kiwe cha Fadhili mwenyewe, cha zamani, gitaa taratibu, mwanamume asiyepiga kelele. Kijana aliuza pikipiki. Anastahili kuimbiwa na mtu wa jinsi yake, hata kama mwenyewe siku hiyo atakuwa nje na wanaume hasikii.

Nitaibeba ile santuri ya baba ingawa najua hamna cha kuipigia. Nataka tu bibi arusi aione. Usimwambie kuwa nimemjua. Nataka nimtazame usoni atakapopita mbele ya shangazi yake.

Napanda basi la Horohoro Alhamisi asubuhi, Mungu akipenda. Niambie kama viungo vya pilau bado ni ghali huko nikubebee vya hapa, na leso mlizochagua zina rangi gani, maana mara ya mwisho nilivaa ya kijani peke yangu kama mhindi wa kuchoma ambaye hajamenywa. Msalimie shemeji, mwambie Makeba hajambo.

Ni mimi,
Somo yako